Hatua Tatu Kutoka Mlangoni

Baba yangu, Vilnis, alikuwa fundi bomba
katika maghorofa ya Pļavnieki, mashariki mwa Riga,
majengo ya zege yaliyomwagwa kwa kalibu moja:
ngazi zilezile, milango ileile,
hata ufa wa dari uleule.
Bomba likipasuka usiku wa manane, umeme nao umekatika,
hakuuliza koki iko wapi.
Hatua tatu kutoka mlangoni, kushoto, kimo cha goti.
Nyumba ya nani?
Yoyote.

Nilikuja kulielewa jambo hilo ukubwani,
mbele ya kioo cha kompyuta, nikiandika msimbo
wa pampu zinazopeleka maji moto mitaani.
Kielekezi cha kawaida hushika anwani:
jengo hili, ghorofa ya saba, mlango wa thelathini na moja.
Lakini kipo kingine, kielekezi cha kiungo,
nacho hakina nyumba.
Kimebeba umbali tu.
Kipe nyumba, kitakupa koki.
Usipokipa, kinabaki kama baba mezani,
kijiko mkono wa kulia, na wa kushoto
ukifunga hewani koki isiyokuwepo
huku supu inapoa.

Februari ile pampu zilianza kusema uongo.
Kituo cha nne kilidai maji yake yana nyuzi mia sita,
na watu wa kituo cha nne wamelala na makoti.
Ojārs alilaumu kipimajoto.
Mimi nilikagua kila nukta, kila mshale:
nukta ukiwa na nyumba yenyewe mkononi,
mshale ukiwa na anwani yake tu.
Hapakuwa na kielekezi batili.
Nyumba ipo. Mlango upo.
Nyumba njema si mlango, walisema wahenga,
fungua uingie ndani.
Nilifungua, nikaingia, nikatoka, nikaingia tena,
hadi kahawa ikawa na ladha ya kutu.

Saa tano usiku nikampigia baba.
Sikutegemea msaada; nilitaka tu mtu wa kumlalamikia.
Akasikiliza. Akakohoa. Akauliza:
“Kuna aliyehamisha ukuta?”

Kisha akanipa kisa cha Bi Skaidrīte wa ghorofa ya tisa,
aliyevunja ukuta kupanua bafu bila kumwambia mtu.
Giza, maji yanashuka ngazini,
baba anaingia: moja, mbili, tatu, kushoto, goti,
na mkono wake unazama hadi kiwikoni
katika pipa la matango ya siki.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Kulikuwa na aliyehamisha ukuta.
Wiki mbili nyuma mtu aliongeza kiungo kimoja
juu kabisa ya muundo, tarehe ya ukaguzi, baiti nne tu,
na vyote vya chini yake vikasogea.
Nusu ya msimbo ilijengwa upya, ikajua.
Nusu nyingine ilibaki na ramani ya zamani,
ikanyoosha mkono palipokuwa na joto,
ikashika mgandamizo,
ikautangaza bila haya.
Kumbukumbu haiukatai mkono.
Huupa kilichopo.

Jina la mtu huyo lilikuwa pale, na tarehe, na saa.
Langu.

Nikafuta vyote, nikajenga upya kuanzia msingi.
Saa kumi alfajiri: nyuzi sitini na nne.
Sikumwamsha Ojārs. Aendelee kulaumu kipimajoto.

Siku hizi baba anaishi kwangu, ng’ambo ya mto,
nyumba mpya, ramani nyingine kabisa.
Usiku namsikia akitoka chumbani:
moja, mbili, tatu.
Kimya.
Kisha vidole vikipapasa rangi ya ukuta, chini, kushoto.

Jumamosi nikafunga hapo swichi ya taa, kimo cha goti.
Asubuhi aliitazama kwa muda mrefu,
kikombe mkononi,
akauliza ni fundi gani mjinga
anayeweka swichi chini namna hii.